Daftari la sekunde: homoni zinavyoonekana kwenye stopwochi (uzi mrefu kidogo)

MwalimuWaUwanjani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu, leo nimepata nafasi acha niushushe.

Mi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha baiolojia na nasimamia riadha, shule yetu iko nyanda za juu huku kaskazini. Nina kaunta buku moja kubwa, kila mwanafunzi anayekimbia naandika muda wake toka anaingia kidato cha kwanza mpaka anamaliza. Uwanja wenyewe ni wa nyasi, mistari tunachora kwa majivu wiki ya UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ikikaribia, na kona moja ina mteremko, kwa hiyo msinishike kwa sekunde moja mbili. Ila kwa miaka 6 kuna jambo limejirudia kila darasa mpaka nikaona niliandike.

Nitoe mfano wa watoto wawili tu, wa kiume na wa kike. Wametoka kijiji kimoja, shule ya msingi moja, na toka wadogo walikuwa wanakimbizana njia nzima kwenda shule. Wamefika kwangu wana miaka 13. Mita 800 ya kwanza mvulana 2:33, msichana 2:31, yaani binti ndo alikuwa mbele na wenzake wakamshangilia mpaka bwenini. Mwisho wa kidato cha pili mvulana sauti imeanza kukwaruza, mabega yamefunguka, suruali zote fupi, kaniletea 2:19. Binti 2:27. Kidato cha nne mvulana 2:05, binti 2:24. Mazoezi yale yale, saa 11 alfajiri ile ile, makande yale yale ya jikoni.

Siku hiyo binti alikuja akasimama pembeni yangu huku bado anahema, akaangalia daftari, akaniuliza "mwalimu, mi nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Kilichotokea ni kwamba mwenzake kwenye ubalehe korodani zilianza kumwaga testosteroni kwenye damu kwa kiwango ambacho mwili wa kike hautengenezi. Mwanaume mzima mwenye afya huwa na kati ya 7.7 na 29.4 nanomoli kwa lita, mwanamke wa kawaida hafiki hata 2. Hivyo viwango viwili havikutani kabisa, katikati kuna pengo. Na kabla ya ubalehe watoto wa jinsia zote wako chini kule pamoja, ndo maana kwenye daftari langu form one wanalingana lingana.

Sasa hiyo homoni haimsukumi mtu mgongoni siku ya mbio. Ni kama fundi aliyejenga nyumba miaka minne mfululizo: nyuzi za misuli zimenenepa, mifupa imerefuka na kukomaa, moyo umekuwa mkubwa zaidi, na hemoglobini kwenye damu imepanda, wanaume wana kama asilimia 12 zaidi ya wanawake. Hemoglobini ndo inayobeba oksijeni, na oksijeni ndo kila kitu kuanzia mita 800 kwenda juu.

Ukienda kwa wakubwa wa dunia unakuta namba zile zile. Mita 1500, El Guerrouj 3:26.00, Faith Kipyegon 3:48.68 aliyokimbia Eugene mwaka 2025. Tofauti asilimia 11. Mita 100, Bolt 9.58 na Griffith-Joyner 10.49 ya mwaka 1988, asilimia 9 na nusu. Kipyegon hajakosea kitu, huyo ni mwanamke bora kabisa aliyewahi kukimbia hiyo mbio, na bado pengo lipo pale pale.

Karibuni tuchangie, na wenye utaalamu wanirekebishe.

kitonga_juu

Mwalimu umeshusha nondo. Swali langu ni hili, kama testosteroni ndo kila kitu basi mwanaume mwenye 29 angempiga mwenye 8 kila siku. Mbona haiko hivo? Sisi mtaani tunamuona mtu ana ndevu na kifua na mbio hana.

MwalimuWaUwanjani

Mkuu swali zuri. Ndani ya wanaume wenye afya ukipima tu kiwango hutaweza kutabiri nani atashinda, kwa sababu wote wameshavuka pengo, nyumba zao zimeshajengwa. Kinachobaki ni mapafu, moyo, nyuzi za misuli ulizorithi, mazoezi, chakula, kichwa. Af pia homoni ni ufunguo na seli lazima iwe na kitasa. Kuna watu mwili wao unatengeneza testosteroni nyingi lakini vitasa havifanyi kazi, homoni inapita tu kwenye damu haimgusi. Kwa hiyo namba ya maabara peke yake haitoshi kumwelewa mtu.

chuma_kizito

Wakuu mi ni mtu wa gym, nataka ukweli bila kupakwa mafuta. Pale gym kwetu kuna jamaa wanachoma sindano za testosteroni wananiambia hata usipobeba chuma unajaa tu. Kweli au chai?

MwalimuWaUwanjani

Kaka hili lina majibu toka 1996. Marekani walichukua wanaume 43 wakawagawa makundi manne, wengine wakachomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, wengine sindano hewa isiyo na dawa, na katika kila upande nusu wanabeba chuma nusu hawabebi. Waliochomwa dawa bila kubeba chochote waliongeza kilo kama 3 za mwili usio na mafuta. Waliobeba chuma bila dawa kilo kama 2. Waliofanya vyote viwili kilo 6, na benchi yao ilipanda kilo 22. Kwa hiyo rafiki zako hawakudanganyi, inajaza kweli, na mi nikikuambia haijazi utanishika uongo af hutaniamini kwa hili linalofuata.

Ubongo wako una tezi ndogo chini yake inayopima testosteroni muda wote. Ikiona imejaa kutoka nje inaacha kutuma amri kwenye korodani. Korodani zikikosa amri zinasinyaa na mbegu zinapungua, kuna wanaofika sifuri. Ukiacha sindano ghafla unabaki huna ya nje wala ya ndani, unakaa miezi umelegea, hamu hakuna, misuli inaondoka. Na ile damu inayoongezeka seli nyekundu inakuwa nzito, moyo unasukuma kama pampu iliyowekewa uji badala ya maji. Kijana wa miaka 22 ambaye hajapata mtoto, tafadhali, mdogo wangu, achana nazo. Nimeona mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani akipita njia hiyo na mkewe analia mpaka leo.

chuma_kizito

Dah. Hiyo ya mbegu hakuna aliyeniambia. Asante mwalimu.

msichana_wa_mbio_ndefu

Na kwa wanawake je? Maana huwa tunaambiwa tu "wanaume wana nguvu" basi, hakuna anayetueleza.

MwalimuWaUwanjani

Dada, Sweden walifanya jaribio, wanawake vijana 48 wenye afya, nusu wanapaka krimu ya testosteroni kila siku wiki 10, nusu krimu tupu. Testosteroni ya wale wa kwanza ilipanda kutoka 0.9 mpaka 4.3. Wakapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia mpaka wachoke kabisa, waliopaka dawa walidumu sekunde 21 zaidi, sawa na asilimia 8 na nusu. Wiki 10 tu hizo, hapajaongezwa urefu wa mifupa wala nini. Kwenye mbio ambazo medali inaamuliwa na nusu sekunde, hiyo ni bahari.

Nyanda_za_Iten

Salamu kutoka Iten, milimani Kenya. Mimi ni mkimbiaji wa kawaida, sijawahi fika Olimpiki, lakini nimeishi na hawa watu. Mwalimu ameongea vizuri sana kuhusu testosteroni ila kwetu sisi wa mbio ndefu homoni iliyoharibu jina letu ni nyingine, ni EPO.

Watu wengi hawajui hiyo EPO ni kitu mwili unatengeneza wenyewe. Figo ndiyo inatengeneza. Figo ikihisi oksijeni imepungua inatoa hiyo homoni, inaenda ndani ya mifupa kuambia uboho "tengeneza seli nyekundu". Hapa tuko kama mita 2,400 juu, hewa ni nyembamba, kwa hivyo mtu aliyezaliwa hapa na kukulia hapa figo zake zimekuwa zikifanya hiyo kazi toka utotoni. Mtu kutoka nchi za chini akija hapa wiki za kwanza anapumua kama mgonjwa, akikaa anaanza kuzoea, akirudi chini anakimbia akijisikia mwepesi.

Sasa kuna wale walisema, mbona ningoje, nichome tu. Wakatafiti kwa wakimbiaji huko Scotland na wengine huku kwetu Kenya, wakapewa EPO wiki nne, mita 3000 wakashuka kama asilimia 5 au 6. Hata sisi wa milimani, ambao tulidhani damu yetu imeshajaa! Piga hesabu, mtu wa dakika 8 na nusu anaondoa karibu sekunde 25. Ndiyo maana Rita Jeptoo, ameshinda Boston na Chicago, akashikwa 2014. Jemima Sumgong, dhahabu ya marathoni Rio, akashikwa 2017. Asbel Kiprop mwenyewe, bingwa wa dunia wa 1500 mara tatu, akafungiwa miaka minne. Ninaandika haya majina nikiwa na uchungu kwa sababu kila mmoja wao akishikwa, sisi wengine tunakimbia safi lakini ukishuka ndege Ulaya unaangaliwa na jicho lingine.

Na damu ikiwa nzito usiku ukilala mapigo yanashuka, hiyo damu inatembea polepole, inaweza kuganda. Hilo madaktari wanaouza hizo sindano hawasemi.

kitonga_juu

Ndugu wa Iten asante sana. Kumbe mlima na sindano vinapitia mlango mmoja.

Nyanda_za_Iten

Mlango ni mmoja ndiyo, lakini mlima una breki. Damu ikitosha figo inapunguza. Sindano haina breki.

kirundo_mpaka_buja

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Natamani tuongelee Rio 2016, mita 800 ya wanawake, maana hiyo ilikuwa ni siku kubwa kwetu na ikageuka kuwa kidonda. Caster Semenya wa Afrika Kusini 1:55.28, Francine Niyonsaba wetu wa Burundi 1:56.49, Margaret Wambui wa Kenya 1:56.89. Waafrika watatu jukwaani. Mimi nilitoka nje nikapiga kelele usiku. Miaka miwili baadaye wakatoa sheria, na wote watatu hawakuruhusiwa tena kukimbia hiyo mbio bila kushusha homoni. Mwalimu unaionaje hii kwa sayansi yako?

MwalimuWaUwanjani

Kaka, hapa ndipo nilipotaka tufike na ndo sehemu inayoniuma, acha niandike taratibu.

Hao wamezaliwa wakalelewa wasichana, wakajijua wanawake, hawakuchoma kitu. Miili yao inatengeneza testosteroni zaidi ya kawaida ya wanawake kwa namna walivyoumbwa. Mwaka 2011 shirikisho la riadha la dunia liliweka kikomo cha testosteroni kwa wanawake, nanomoli 10 kwa lita. Dutee Chand wa India akaenda kushtaki, 2015 mahakama ya michezo ikasimamisha ile sheria ikisema leteni ushahidi wa kutosha. Ndo maana Rio hapakuwa na kikomo. Mwaka 2018 wakarudi na kikomo cha 5, na kwa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja tu.

Kwa nini hizo tu? Walitegemea uchambuzi wa mashindano ya dunia ya 2011 na 2013, wakalinganisha wanawake wenye testosteroni ya juu na ya chini. Mita 800 ilitoka asilimia 1.8. Lakini kwenye orodha ile ile kurusha nyundo ilitoka asilimia 4.5 na kuruka kwa upondo 2.9, zote kubwa kuliko 800, na hazikuguswa! Maili moja, ambayo haikuwemo kwenye orodha ile, ikaingizwa. Af mwaka 2021 jarida lililochapisha likatoa masahihisho kwamba matokeo yale yalikuwa ya kudokeza tu, hayathibitishi kwamba kimoja kinasababisha kingine. Kwa hiyo mi nasema hivi, kwamba testosteroni inaongeza kasi sina shaka, daftari langu linaniambia kila mwaka. Lakini kukata mbio hizi na kuacha zile haikutoka kwenye sayansi ile waliyoishika mkononi.

Na Semenya mwenyewe kuna kitu cha kuangalia. Berlin 2009 akiwa na miaka 18 alikimbia 1:55.45. Kuanzia 2010 alitakiwa ameze vidonge kushusha homoni. London 2012 alikimbia 1:57.23, na 2015 mashindano ya dunia Beijing aliishia nusu fainali. Sheria ikasimamishwa, mwaka uliofuata 1:55.28, na 2018 Paris akafika 1:54.25. Ukiangalia haraka utasema ahaa, homoni imeshuka kasi imeshuka, homoni imepanda kasi imepanda. Ni kweli kwa sehemu. Lakini katikati hapo goti lilimsumbua, na yeye amesema wazi kwamba vile vidonge vilikuwa vinamfanya aumwe tumbo na kichefuchefu siku zote. Sasa ukimpa mtu dawa inayomfanya ajisikie kutapika af ukampima mbio, unapima homoni au unapima ugonjwa?

Mei 2019 mahakama ya michezo ilimkatalia alipoipinga sheria ile ya 2018, majaji wawili kwa mmoja, na kwenye uamuzi wenyewe wakakiri kwamba sheria ni ya kibaguzi ila wakaona ni ya lazima. Siku mbili baadaye akaingia Doha akashinda kwa 1:54.98.

kirundo_mpaka_buja

Na Niyonsaba hakukaa chini kulia. Alihamia mbio ndefu ambazo sheria haikuzigusa wakati ule, akawa wa tano mita 10,000 Tokyo, na Septemba 2021 kule Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000, 5:21.56. Halafu 2023 wakashusha kikomo hadi 2.5 kwa mbio zote. Mlango wa pili nao ukafungwa.

msichana_wa_mbio_ndefu

Na Christine Mboma wa Namibia. Alizuiwa 400, akashuka 200, akachukua fedha Tokyo kwa 21.81 ana miaka 18. Mi namuonea huruma sana, ila nisiwe mnafiki, mi nakimbia na najua kushindwa kwa pumzi nne unaiona medali inaondoka. Ningekuwa kwenye lane ya pili yake ningejisikiaje? Sijawahi kupata jibu linalonitosha pande zote mbili.

MwalimuWaUwanjani

Dada nakuheshimu kwa kusema hivo. Na mi nikiwa na binti wa kidato cha nne pembeni yangu anauliza amekosea wapi, naelewa kabisa kwa nini mbio za wanawake lazima zilindwe. Ninachokataa ni watoto wa vijijini Afrika kupimwa maumbile yao na majina kuvuja kwenye magazeti. Semenya ilimtokea akiwa na miaka 18. Julai 2025 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya nayo ilisema kesi yake haikusikilizwa kwa haki inavyotakiwa. Ila Septemba mwaka huo huo kipimo cha jeni ya SRY (ile ambayo kwa kawaida wanayo wanaume) kikaanza kwa kila mwanamke anayetaka kushindana mashindano ya dunia. Unapimwa mara moja, basi.

mama_junior_wa_mbulu

Samahani mwalimu natoka nje ya mada kidogo. Binti yangu ana miaka 16 anakimbia, yuko hosteli. Likizo nimegundua hajapata siku zake miezi mitano na si mjamzito, tumepima. Kocha wake kamwambia ni dalili nzuri, mwili umekuwa wa mwanariadha. Sasa hivi analalamika mguu chini ya goti unauma hata akitembea.

MwalimuWaUwanjani

Mama yangu, hujatoka nje ya mada, hii kwangu ni kubwa kuliko yote tuliyoandika hapa juu. Na naomba unisamehe nikisema kwa ukali, hiyo si dalili nzuri, na mi mwenyewe miaka ya mwanzo niliwahi kuamini hivyo hivyo na kuna mtoto alivunjika mfupa wa mguu akiwa anatembea kwenda darasani.

Iko hivi. Mtoto anakimbia kilomita 60 au 70 kwa wiki, anakula sahani moja ya ugali maharage mchana na uji mwepesi asubuhi. Nguvu inayoingia haitoshi. Ubongo unafanya hesabu, unaona chakula hakitoshi kuendesha kila kitu, unaanza kuzima taa chumba kimoja kimoja. Chumba cha kwanza kuzimwa ni uzazi. Amri kwenda kwenye ovari zinapungua, estrojeni inashuka, hedhi inakata. Na estrojeni ndo mlinzi wa mifupa, ikishuka mfupa unabomolewa haraka kuliko unavyojengwa, unapata nyufa ndogo ndogo. Homoni ya dundumio, ile tezi ya shingoni, nayo inashuka, mtoto anasikia baridi, anachoka, mwezi wa kwanza anaweza hata kukimbia vizuri kwa sababu amepungua uzito, na hapo ndo makocha tunadanganyika. Miezi ijayo muda unaganda, af unarudi nyuma.

Asiendelee kukimbia kuanzia leo. Mpeleke hospitali yenye daktari wa mifupa, aseme wazi mambo mawili kwa pamoja, mguu na hedhi. Apimwe damu na madini ya chuma. Na aongezewe chakula kweli kweli: mayai, maziwa, parachichi, dagaa, karanga, ndizi nyama, na ale ndani ya nusu saa baada ya mazoezi. Umri huu ndo mifupa inawekewa akiba ya maisha yote.

mama_junior_wa_mbulu

Nimekusikia mwanangu. Kesho asubuhi tunaondoka naye.

msichana_wa_mbio_ndefu

Mwalimu na zile siku zenyewe zinapokuwepo? Wengine wanasema usishindane ukiwa kwenye siku zako.

MwalimuWaUwanjani

Tafiti 78 zimewahi kukusanywa pamoja mwaka 2020, kupungua kwa uwezo siku za mwanzo za hedhi kupo ila ni kidogo mno, na inategemea mtu na mtu. Paula Radcliffe aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago 2002, 2:17:18, huku tumbo la hedhi linambana. Wewe andika siku zako na muda wako miezi mitatu minne utajijua mwenyewe.

kitonga_juu

Mwalimu, na yule binti wa 2:24 yuko wapi saa hizi?

MwalimuWaUwanjani

Yuko kidato cha tano, kahamia mita 3000 na 5000. Siku ile nilimfungulia kurasa zake toka 2:31 nikamwonyesha sekunde 7 alizoshusha mwenyewe, nikamchorea ubaoni hemoglobini na misuli, akauliza maswali kama kumi. Wiki iliyofuata akaja na daftari lake la kujinunulia.

Na kwenye kaunta buku langu nimeongeza safu moja ambayo haikuwepo. Matroni ndo anaijaza, mi naona alama ya ndiyo au hapana tu, kama binti amepata siku zake mwezi huo. Hapana zikifika tatu mfululizo namtoa kwenye mazoezi na namtafuta mzazi. Mwaka huu nimeshawatoa wawili. Mmoja alininunia mwezi mzima, jana kaanza tena mchakamchaka wa taratibu.

mama_junior_wa_mbulu

Narudisha majibu. Ni ufa kwenye mfupa wa muundi, daktari kasema wiki nane bila kukimbia na damu yake iko chini. Amelala hapa pembeni yangu, amekula ndizi sahani mbili.